Desimali za GCP: jinsi ya kuzifikisha salama kutoka kwenye kipokezi hadi kwenye programu ya droni

Kipokezi cha RTK (kipokezi cha setilaiti chenye usahihi wa sentimita) kimepima kwa usahihi wa sentimita 2, lakini ripoti ya ramani inaonyesha kosa la sentimita 40 kwenye alama za udhibiti, yaani alama za ardhini zilizopimwa, zile ambazo programu huziita GCP. Kabla ya kurudi uwandani, kagua faili zako. Desimali hudondoka kimyakimya wakati wa kuhamisha data, na hakuna programu itakayokuonya.

1. Jua kila tarakimu ina uzito gani ardhini

Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111. Kwa hiyo desimali ya 5 ni mita 1.1, ya 6 ni sentimita 11, ya 7 ni sentimita 1.1 na ya 8 ni milimita 1.1. Koordineti iliyokadiriwa hadi desimali 6 inaweza kukosea hadi sentimita 5.5, kwenye picha yenye pikseli za sentimita 2, hizo ni karibu pikseli tatu. Ikikatwa tu bila kukadiriwa, kosa hufika sentimita 11, tena huvuta alama zote upande mmoja. Hamisha desimali 8.

Kwa UTM, mfumo wa koordineti unaotumia mita badala ya digrii, desimali 3 za mita zinatosha. Wanaotumia digrii, dakika na sekunde ndio hunaswa zaidi: sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31, hivyo 12.3″ haifiki hata usahihi wa mita moja. Andika sekunde kwa desimali 4.

2. Toa faili, usinakili skrini

Skrini ya kifaa cha uwandani mara nyingi huonyesha tarakimu chache kuliko zilizohifadhiwa ndani. Toa CSV, na kabla ya kubonyeza angalia kama kuna mpangilio wa idadi ya desimali.

3. Pita Excel kwa tahadhari

Unapohifadhi CSV, Excel huandika namba kama inavyoonekana kwenye seli. Seli ikiwa imepangwa kuonyesha desimali 2, 36.81234567 inaingia kwenye faili kama 36.81, na zilizobaki zimepotea moja kwa moja. Panga safu za koordineti ziwe na desimali 8, hifadhi, kisha fungua faili kwa Notepad na uisome kwa macho. Hakikisha pia kitenganishi cha desimali ni nukta. Ikiwa ni mkato, programu inayosoma CSV inaweza kuigawa namba moja kuwa safu mbili.

4. Andika faili ya programu

Katika WebODM, programu ya kutengeneza ramani kutoka picha za droni, gcp_list.txt huanza na mfumo wa koordineti (hapa kwa msimbo wa EPSG), kisha kila mstari una X, Y, urefu, pikseli mbili zinazoonyesha alama iko wapi kwenye picha, jina la picha na jina la alama:

EPSG:32737
257431.482 9863207.915 1652.338 2104 1387 DJI_0231.JPG GCP03

Kwa UTM ya WGS84, msimbo ni 326 na namba ya zoni kaskazini mwa ikweta, 327 kusini. X hutangulia: ukitumia digrii, longitudo kwanza. Kila alama iweke kwenye picha tatu au zaidi, na alama zenyewe zisipungue tano.

Urefu nao una mtego wake. Kipokezi kinaweza kutoa urefu wa elipsoidi (unaopimwa kutoka umbo laini la kihisabati la dunia) huku wewe ukihitaji urefu juu ya usawa wa bahari, na tofauti hiyo inaweza kufika makumi ya mita. Desimali hazisaidii hapo.

5. Iambie programu usahihi wa kweli

Desimali 8 kutoka kwenye simu bado ni kipimo cha mita kadhaa. Programu nyingi hupima uzito wa kila alama kwa namba ya usahihi unayoiwekea, si kwa wingi wa tarakimu. Kwa RTK nzuri, mita 0.02 mlalo na 0.03 wima ni makadirio ya haki. Ukiweka 0.001 ili ripoti ipendeze, modeli itapindwa ifuate makosa ya kipimo.

6. Hakiki kwa alama ambazo programu haikuzitumia

Acha alama mbili au tatu nje ya hesabu ziwe za ukaguzi, kisha soma makosa yake:

- Zote zimehama upande mmoja: desimali zilikatwa, au mfumo wa koordineti si sahihi.
- Wima pekee imehama: urefu wa elipsoidi.
- Kosa linatawanyika ovyo: ukadiriaji, au alama zilibonyezwa vibaya kwenye picha.
- Alama iko maelfu ya kilomita mbali: X na Y zimebadilishana.

7. Kagua unapotoa matokeo

Namba ya desimali ya biti 32 (float) hubeba kama tarakimu 7 tu. Kwa hiyo 9863207.915 hugeuka 9863208, na wingu la pointi (modeli ya 3D iliyoundwa na nukta nyingi) huonekana kama ngazi za mita moja. Ukitoa faili za 3D za PLY au OBJ, ondoa kwanza thamani kubwa isiyobadilika, kwa mfano 257000 kwenye X na 9863000 kwenye Y, na uiandike kwenye faili ya maelezo. LAS, aina ya faili ya wingu la pointi, haina shida hiyo, maana huhifadhi namba kamili pamoja na kipimo (scale) na sogezo (offset). Weka kipimo hicho (scale) kiwe 0.001.