Klasta yetu ilikuwa inapokea imeji kutoka popote. Hivi ndivyo nilivyoifunga

Asubuhi moja ya masika, Kijitonyama, umeme ulikatika, jenereta ikasuasua, na nodi zetu tatu (seva zinazounda klasta yetu ya Kubernetes) zikazima. Zilipowaka, podi kumi na kitu (podi ni kontena moja au zaidi zinazoendeshwa pamoja) zikakwama kwenye `ImagePullBackOff`, yaani zimeshindwa kuvuta imeji, ile programu iliyofungashwa tayari kuendeshwa. Zote zilikuwa na tagi ya `latest`, na ukiacha mipangilio ya kawaida, tagi hiyo huifanya Kubernetes iulize rejista (ghala la imeji) upya kila kontena linapoanza. Tangu Novemba 2020 Docker Hub, rejista ya umma, ina kikomo kwa anayevuta imeji bila akaunti, na hesabu inakwenda kwa anwani ya IP. Sisi ofisi nzima tunatoka nje kwa anwani moja. Jibu likawa `toomanyrequests`.

Hilo lilikuwa dogo. Katika kupitia zilizokwama nikakuta imeji ya kutuma ripoti za mauzo ambayo mbele yake kuna jina la kijana aliyekuwa kwetu field, akamaliza, akarudi chuo. Aliijenga, akaiweka kwenye akaunti yake mwenyewe ya wazi, nasi tukahudumia wateja kwayo miezi minane. Nikampigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ile akaunti yako ya imeji bado unaingia?"

"Mh, dada, ilikuwa kwenye simu ile niliyoibiwa Kariakoo."

Yaani aliyeifungua ile simu angeweza kupandisha imeji mpya kwa jina lilelile, na sisi tungeivuta wenyewe. Kijana sikumlaumu. Hakukuwa na kitu kwenye klasta cha kumwambia hapana.

Kabla hujaandika sera yoyote ya kuzuia imeji, hesabu ulichonacho:

```
kubectl get pods -A -o jsonpath="{.items[*].spec['initContainers','containers'][*].image}" \
  | tr -s '[[:space:]]' '\n' | sort | uniq -c
```

Mimi nilitegemea rejista mbili, zikatoka sita. Usidanganywe na majina mafupi: `redis:7` haina rejista mbele yake, lakini maana yake ni `docker.io/library/redis:7`. Sera itasoma maandishi kama yalivyo kwenye podi, haitayanyoosha kwanza.

Za nje mnazozihitaji kweli, zihamishieni kwenye rejista yenu. Yetu ni Harbor (programu ya kuendesha rejista yako mwenyewe), na kuhamisha natumia skopeo:

```
skopeo copy --all docker://docker.io/library/redis:7.2 \
  docker://rejista.example.com/nje/redis:7.2
```

Hiyo `--all` usiiache. Bila hiyo skopeo huchukua imeji ya aina moja tu ya prosesa, ile ya mashine unayoitumia. Mwenzetu mmoja alihamisha kwa laptopu yenye chipu ya ARM, na seva zetu ni za Intel. Tukashinda siku nzima tunasoma `exec format error`.

Sasa sera yenyewe. Kuanzia Kubernetes 1.30, `ValidatingAdmissionPolicy` (sera ya kukubali au kukataa maombi) imo ndani na imekomaa, huna haja ya kufunga programu nyingine. Kyverno na Gatekeeper, programu za sera za kufunga kando, ni nzuri, ila ni podi za ziada za kulea. Zikilala huku umeziambia zikatae zinaposhindwa kujibu, hakuna kinachoingia. Timu yetu ni watu watatu, nikachagua kilichomo ndani. Hatua hii (admission) naiita udahili, na aliyewahi kuhangaikia udahili wa chuo haraka ataelewa: seva ya API, mlango wa maombi yote ya klasta, inajua wewe ni nani, inajua una ruhusa ya kuomba, lakini kabla ya kuandika ombi lako kwenye etcd (hifadhidata ya klasta) inakagua vyeti.

```
apiVersion: admissionregistration.k8s.io/v1
kind: ValidatingAdmissionPolicy
metadata:
  name: imeji-za-kwetu
spec:
  failurePolicy: Fail
  matchConstraints:
    resourceRules:
    - apiGroups: [""]
      apiVersions: ["v1"]
      operations: ["CREATE", "UPDATE"]
      resources: ["pods", "pods/ephemeralcontainers"]
  matchConditions:
  - name: spec-imebadilika
    expression: "request.operation == 'CREATE' || object.spec != oldObject.spec"
  variables:
  - name: zote
    expression: >-
      object.spec.containers.map(c, c.image) +
      (has(object.spec.initContainers) ? object.spec.initContainers.map(c, c.image) : []) +
      (has(object.spec.ephemeralContainers) ? object.spec.ephemeralContainers.map(c, c.image) : [])
  validations:
  - expression: >-
      variables.zote.all(i, i.startsWith('rejista.example.com/') ||
      i.startsWith('registry.k8s.io/'))
    message: "Imeji hii haitoki kwenye rejista yetu. Ihamishe kwanza."
```

Mkwaju ule mwishoni mwa jina la rejista ndio kufuli lenyewe. Ukiandika `rejista.example.com` bila mkwaju, mtu akisajili `rejista.example.com.chochote.net` amepita, maana sera inaangalia mwanzo wa maandishi tu.

Sehemu ya `matchConditions` niliiongeza baada ya kuumia. Podi za Job (kazi inayoendeshwa mpaka iishe) huwa na kizuizi (finalizer) kiitwacho `batch.kubernetes.io/job-tracking`, na kidhibiti cha Job lazima kikiondoe ndipo podi ifutike. Kukiondoa ni UPDATE. Sera yangu ya kwanza ilikagua kila UPDATE, ikaikuta imeji ya zamani isiyoruhusiwa, ikakataa. Podi zilizokwishamaliza kazi zikabaki `Terminating`, na ndizo hasa nilizotaka zitoke! Sasa ukaguzi unafanyika pale tu `spec` inapoguswa.

Sera peke yake haifanyi kitu mpaka uifunge mahali:

```
apiVersion: admissionregistration.k8s.io/v1
kind: ValidatingAdmissionPolicyBinding
metadata:
  name: imeji-za-kwetu
spec:
  policyName: imeji-za-kwetu
  validationActions: [Warn, Audit]
  matchResources:
    namespaceSelector:
      matchExpressions:
      - key: kubernetes.io/metadata.name
        operator: NotIn
        values: ["kube-system"]
```

Usianze na `Deny`. Anza na onyo, kaa nalo wiki mbili. Lakini onyo lina mtego ambao ulinipotezea wiki nzima. Hurudishwa kwa aliyeleta ombi. Podi zako nyingi huziumbi wewe, zinaumbwa na ReplicaSet, inayotunza idadi ya podi, kwa niaba ya Deployment, yaani maelezo ya programu unayoyapeleka wewe. Kwa hiyo onyo linakwenda kwa kidhibiti, na kidhibiti hakina macho. Mimi nilikaa nikifurahi kwamba hakuna anayelalamika, kumbe hakuna anayeliona.

Ukihamia `Deny` hali inakuwa mbaya zaidi. Kijana mmoja alinijia mezani:

"Dada, nimepeleka, imekubali kabisa, `deployment configured`. Ila podi sizioni."

"Umeangalia ReplicaSet?"

"Hapana."

"`kubectl describe rs`, shuka mpaka chini kwenye Events."

Pale chini kulikuwa na `FailedCreate` na ujumbe wangu wa Kiswahili. Deployment ilipita kwa sababu sera ilikuwa inatazama podi tu.

Dawa yake ni sera ya pili. Nakili ile ya kwanza, ipe jina lingine na ufungo wake. `apiGroups` iwe `apps`, `resources` ziwe `deployments`, `statefulsets` na `daemonsets`, kisha kila penye `object.spec` na `oldObject.spec` ongeza `.template.spec` nyuma yake. CronJob (Job ya ratiba) iko kwenye kundi la `batch`, na njia yake ni ndefu zaidi: `object.spec.jobTemplate.spec.template.spec`. Hii ya pili ndiyo inayomfikia mtu akiwa bado ameshika kibodi. Ya kwanza usiiondoe, maana podi inaweza kuumbwa moja kwa moja.

`Audit` inaandika kwenye kumbukumbu za ukaguzi za seva ya API, kwa hiyo hakikisha zimewashwa. Zetu hazikuwa. Wiki mbili zikipita na orodha ikawa tupu, badilisha iwe `[Deny, Audit]`. `Deny` na `Warn` hazikubaliwi pamoja kwenye ufungo mmoja.

Podi ambazo tayari zinaendelea hazitaguswa. Ni kama mlinzi mpya getini, hapandi ghorofani kuwatoa waliokwishaingia. Zitakwama siku zitakapoumbwa upya, na siku hiyo huwa ni saa nane usiku. Ndiyo maana ile hesabu ya mwanzo ifanye tena kabla ya `Deny`, na uzizungushe za zamani mchana kwa `kubectl rollout restart`.

Mianya iliyobaki ni hii. Faili za podi zilizowekwa kwenye nodi yenyewe, ndani ya `/etc/kubernetes/manifests`, kubelet (wakala wa Kubernetes kwenye kila nodi) inaziendesha bila kumuuliza mtu. `kube-system`, eneo la podi za mfumo wenyewe, tumeiacha wazi, basi kagua nani ana ruhusa ya kuandika humo. Na sera inajua imeji imetoka wapi, haijui ndani kuna nini. Kama mnataka kuthibitisha saini za Cosign (zana ya kutia imeji saini), hapo Kyverno inastahili usumbufu wake. Sisi kwa sasa tumeishia kupunguza wenye haki ya kupandisha kwenye Harbor kutoka kumi na moja hadi wawili. Vijana wa field wanapandisha kwenye mradi wa majaribio ambao imeji zake haziruhusiwi kwenye klasta ya wateja, kwa hiyo kwenye klasta hiyo sera inataja `rejista.example.com/kazi/` na `/nje/` badala ya rejista nzima.

Jaribu kabla ya kwenda nyumbani. Amri mbili za kwanza haziumbi kitu, ila udahili zinaupitia:

```
kubectl run jaribio --image=busybox --dry-run=server
kubectl run jaribio --image=rejista.example.com.uongo.net/x --dry-run=server
kubectl debug -it podi-yoyote --image=busybox
```

Zote tatu zikataliwe. Mara ya kwanza hiyo ya tatu ilipita kwangu, kwa sababu nilikuwa nimeandika `pods` tu na kusahau `pods/ephemeralcontainers`, yaani kontena za muda ambazo `kubectl debug` huziongeza kwenye podi inayoendelea.