Kabla ya Theluji Kuanguka Vermont: Kazi za Shambani Kuanzia Septemba

Majani ya miti yakianza kuwa mekundu, wakulima wetu wa miji ya Burlington, Winooski na Colchester hapa Vermont, Marekani, hasa waliotoka Kongo na Burundi, huulizana jambo moja: theluji itaanguka lini? Mimi nawaomba mfuatilie zaidi baridi inayoitangulia. Theluji ikishalala shambani hulinda udongo, kwa kuwa imejaa hewa, na hewa hiyo huzuia baridi kupenya chini. Hasara kubwa hutokea zile wiki ambazo usiku unaganda na ardhi bado iko tupu.

Waliokulia Njombe au Limuru wanaijua jalidi, ule umande unaoganda alfajiri na kuunguza majani. Aliyetoka Uvira au Kigoma huenda akaiona hapa kwa mara ya kwanza. Kwenye bonde la Ziwa Champlain kwa kawaida huanza kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba; milimani huwahi zaidi. Mbingu ikiwa haina mawingu jioni, upepo umetulia, na kipimajoto kinashuka chini ya 40 Farenhaiti kabla hujalala, ijue hiyo ni dalili. Hewa baridi ni nzito, hushuka na kutuama mabondeni, kwa hiyo shamba la bondeni linaweza kuungua usiku ambao jirani wa juu hakupata hata doa.

Lengalenga, bilinganya, ntore (nyanya chungu), pilipili na matembele hazivumilii kuganda hata usiku mmoja. Vuna kabla, na uache vichwa vichache vya lengalenga vikauke ndani kwa ajili ya mbegu. Maboga nayo yasiachwe: lililopigwa na jalidi huoza ghalani. Yakate yakiwa na kikonyo, usiyabebe kwa kikonyo hicho, na uyaweke mahali pakavu penye joto kama siku 10 kabla ya kuyahifadhi. Sukuma wiki na karoti ni kinyume kabisa. Baridi huzifanya zitengeneze sukari, ladha ikawa tamu kuliko ya Agosti, kwa hiyo msizing'oe kwa hofu. Ila mjue kwamba kuanzia mwanzoni mwa Novemba mchana huwa mfupi kuliko muda wa saa 10, na mboga karibu zote husimama kukua. Ukubwa zitakaokuwa nao wakati huo ndio mtakaokula.

Zao ninalotaka kila familia ilijaribu ni kitunguu saumu, maana hupandwa wakati mengine yanakufa. Hapa kwetu hupandwa Oktoba, ardhi ikiwa bado laini, ili kitoe mizizi kabla udongo haujaganda. Tenganisha punje siku ile ile ya kupanda, uchague kubwa, usizimenye. Punje ina upande bapa ulio mgumu kidogo: hapo ndipo mizizi inapotokea, basi huo uelekee chini na ncha ielekee juu. Iwe sentimita 5 chini ya udongo, na kati ya punje na punje uache sentimita 15. Kisha tandaza mabua makavu ya nafaka, unene wa sentimita 10 hadi 15. Wengi huiruka kazi hii wakidhani theluji itawafunikia. Theluji ikichelewa, udongo huganda usiku na kuyeyuka mchana, siku baada ya siku, na kila ukiganda hufura na kuisukuma punje juu mpaka mizizi inakatika. Tumia mabua, si hei (nyasi za malisho zilizokaushwa), kwa sababu hei huja na mbegu za magugu. Mavuno ni Julai.

Matuta yasiyo na zao yasibaki wazi, hasa kwa mnaolima Intervale, kando ya mto Winooski. Mliokuwapo Julai 2023 mliona mto ulivyoingia mashambani, na theluji inapoyeyuka Machi na Aprili maji hupanda tena. Pandeni rai, nafaka ndugu ya ngano, mwishoni mwa Septemba au siku za mwanzo za Oktoba. Huota hata kwenye baridi, na mizizi yake huushika udongo.

Kwa wafugaji wa mbuzi hesabu ni ya hei. Mbuzi wa kilo 50 hula kama kilo 2 kwa siku, na kuanzia Novemba hadi katikati ya Mei malisho hayapo. Hiyo ni karibu kilo 390 kwa mbuzi mmoja, yaani marobota madogo kama 20 ya kilo 20. Nunueni sasa, kwani Februari bei hupanda na hei nzuri imekwisha. Banda msilizibe kila tundu. Mbuzi mkavu huvumilia baridi vizuri. Kinachomwumiza ni upepo wa moja kwa moja na hewa nzito ya mkojo inayoharibu mapafu. Zibeni upande wa upepo, acheni matundu juu karibu na paa. Taa za joto siziungi mkono hata kidogo, maana mabanda yameungua kwa sababu yake. Maji ya uvuguvugu mara mbili kwa siku yatawafaa zaidi, na dume asiyekunywa vya kutosha hupata mawe ya mkojo.

Angalieni pia sumu. Majani ya mcheri mwitu (wild cherry) yaliyonyauka na mtama uliopigwa na jalidi vyote hutoa sianidi, na mbuzi hufa upesi. Tawi la mcheri likianguka uani, liondoeni siku hiyo hiyo.

Huku mbuzi wengi hupandwa kwa msimu, siku zinapopungua urefu. Beberu akiachiwa Oktoba, watoto huzaliwa Machi, baridi ikiwa bado kali. Mtengeni sasa, mmrudishe Desemba 1: mimba ni kama siku 150, kwa hiyo uzazi utaanza mwishoni mwa Aprili. Tarehe ya kila jike iandikwe kwa chaki ukutani mwa banda, ili yeyote anayelisha jioni aione.