Limau kwa shaba ya njano iliyofubaa
Fundi mmoja wa Katwe, hapa Kampala, kanionyesha hili: kitasa au bomba la shaba ya njano likifubaa, usilisugue kwa mchanga. Kamulia malimau mawili kwenye maji ya moto, tia chumvi kijiko kimoja, loweka dakika 10, suuza, kausha papo hapo. Asidi ya limau huyeyusha weusi bila kukwaruza shaba. Ukipitiliza muda sana, zinki, metali iliyochanganywa ndani ya shaba hii, hutoka na shaba hugeuka waridi. Anza na sumaku: ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa tu, limau litakiletea kutu. Kufuli usiloweke zima, upinde wake ni chuma. Na tafadhali, dawa yenye amonia iacheni kabisa; hupasua shaba iliyokunjwa.