Ukishamwambia, nyamaza kwanza

Wazazi wenzangu mnaolea watoto wenye usonji (autism), jaribuni hili. Ukimwambia mtoto "vaa viatu", nyamaza, uhesabu kimoyomoyo hadi 10. Wengi wao wanasikia vizuri tu, ila maneno huchukua muda kueleweka na kugeuka kitendo. Ukirudia kabla hajamaliza, tena kwa maneno mengine ("haya basi, viatu, tunachelewa!"), inabidi aanze upya kuchambua sentensi mpya, na ile ya kwanza imeshapotea. Mara nyingi hapo ndipo kilio huanzia, nasi tunamwita mkaidi. Inaniuma sana.

Wangu nilimwonyesha kiatu, nikakaa kimya. Nikafika 7, macho yake bado yapo kwenye feni. Kwenye 9 mkono ukanyooka, akakishika kwa mkanda wake. Machozi yalinilengalenga.

Ikibidi kurudia, tumia maneno yaleyale kwa sauti ileile ya upole, huku ukimwonyesha kitu chenyewe au picha yake. Usimlazimishe akutazame machoni; wengine husikiliza vizuri zaidi wakiangalia pembeni. Na bibi, kaka na dada zake waambie nao wasubiri, maana watu watatu wakisema kwa pamoja hesabu yote inavurugika.