Huu muziki unaitwaje? Namna ya kutambua vipande vya kiklasiki kwenye filamu za mapenzi za zamani

Mimi ni mwalimu wa kwaya, na kila mara kuna mtu ananitumia video ya sekunde ishirini na swali lilelile: "Mwalimu, huu muziki unaitwaje?" Nitaonyesha ninavyotafuta, nikitumia filamu moja ya Uingereza, Brief Encounter ya mwaka 1945, iliyoongozwa na David Lean. Laura ameolewa. Uchafu unamwingia jichoni stesheni, daktari mmoja, naye ana mke wake, anautoa, na mambo yanaanzia hapo. Piano inalia filamu nzima.

Hatua ya 1: Soma majina ya mwanzo

Filamu za enzi zile ziliweka majina ya waliofanya kazi mwanzoni. Sisi tumezoea kuruka pale, halafu tunahangaika. Simamisha picha usome. Muziki mkuu wa filamu hii ni wa Rachmaninoff, mtunzi wa Urusi, piano kapiga Eileen Joyce, na okestra, National Symphony Orchestra, inaongozwa na Muir Mathieson. Ukipata jina la mtunzi mapema hivi, kazi inapungua sana. Ila mara nyingi hutajwa kile kipande kikubwa tu, na vidogo unaachiwa mwenyewe.

Hatua ya 2: Tenga muziki wa ndani na wa nje

Chukua karatasi. Kila muziki unapoingia, andika dakika na sekunde, kisha jiulize: wahusika wenyewe wanausikia (huo ni wa ndani), au tunausikia sisi watazamaji tu (huo ni wa nje)? Hatua hii wengi wanaidharau, nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote.

Tazama Brief Encounter ilivyouchezea mpaka huo. Laura yuko sebuleni na mumewe, anazungusha redio, anampata Rachmaninoff, na kumbukumbu zinaanza kumiminika. Katikati ya mawazo hayo mume anamwomba apunguze sauti kidogo. Kumbe huzuni yote ile ilikuwa inatoka redioni! (Maskini mume, hana habari.)

Lakini kuna mahali kibendi kidogo kinapiga kwenye mkahawa, wateja wakila. Huo ni wa ndani kabisa, na si Rachmaninoff. Ni Bolero ya Moritz Moszkowski, namba 5 katika dansi zake za Kihispania, Opus 12 (Opus ni namba ya kazi katika orodha ya mtunzi). Aliyepata jina moja akalibandika filamu nzima atakuwa amekosea hapa.

Hatua ya 3: Sikiliza vyombo

Piano ikijibizana na okestra nzima, anza kutafuta kwenye koncheto. Fidla mbili na ndugu zake wakubwa, viola na chelo, peke yake, hiyo ni kwarteti. Mtu wa pwani ana bahati kidogo, kwa sababu obo ni ndugu wa zumari: vyote viwili hulia kwa ulimi maradufu unaotetemeka mdomoni. Ukiizoea sauti hiyo huipotezi tena. Katika sehemu ya tatu ya koncheto yetu, ile ya Rachmaninoff inayolia kwenye filamu, ule wimbo mtamu unaotolewa machozi huanzishwa na obo pamoja na viola, ndipo piano inaupokea.

Hatua ya 4: Uimbe, uuandike

Programu nyingi za simu za kutambua nyimbo hulinganisha rekodi. Wimbo wenyewe haziuelewi. Rekodi iliyopigwa kwa ajili ya filamu, ikiwa imefunikwa na maneno na honi ya treni, huenda isiwemo kabisa kwenye hazina yao. Mimi niliwahi kuletewa jina la wimbo wa disko.

Kwa hiyo uimbe mwenyewe. Google imekuwa ikipokea wimbo wa kuvumishwa kwa mdomo tangu 2020. Ukishindwa, andika solfa kama tunavyofanya kwaya. Mwanzo wa Simfoni ya 5 ya Beethoven, kwa mfano, ni m m m d, r r r t. Kwa tovuti ya Musipedia huhitaji hata majina ya nota, inatosha kusema sauti imerudia, imepanda au imeshuka: rudia, rudia, shuka, panda, rudia, rudia, shuka. Unaingiza kwa herufi: R kwa kurudia, U kwa kupanda, D kwa kushuka. Nota tano ni chache mno. Fikisha kumi na zaidi.

Hatua ya 5: Kama unahisi unaujua, fuata hisia hiyo

Wengi wakisikia sehemu ya pili ya koncheto hii husema, "Si ule wa Céline Dion?" Wana haki. All by Myself, aliyoitoa Eric Carmen mwaka 1975 na Dion akairudia miaka ya tisini, imechota humo. Rachmaninoff aliipiga koncheto yake nzima Moscow mwaka 1901. Tafuta watunzi wa wimbo unaoujua. Mara nyingi jina la mzee wa zamani limeandikwa palepale.

Hatua ya 6: Hakikisha, kisha andika jina kamili

Filamu hukatakata muziki, hivyo tafuta kipande kizima na usikilize hadi ukutane na dakika zako. Nota za bure ziko IMSLP, maktaba ya nota mtandaoni. Halafu andika: Rachmaninoff, Koncheto ya Piano Na. 2, C maina, Opus 18, sehemu ya ngapi, na dakika ya filamu.

Usiridhike na jina la utani. Koncheto ya Piano Na. 21 ya Mozart mara nyingi huuzwa kwa jina la Elvira Madigan kwa sababu filamu ya Sweden ya mwaka 1967 iliitumia, wakati Mozart aliiandika 1785. Ukitafuta kwa jina la filamu utaletewa zaidi ile sehemu ya pili ya polepole. Andika K. 467, namba yake katika orodha ya kazi za Mozart, uisikie yote.