Kutia nanga mtambo wa upepo unaoelea penye mwamba mtupu

Kijana niliyekuwa nikimwelekeza kazi alikuwa amezoea kazi za sehemu za mchanga, akauliza kwa nini tusiburute tu nanga hadi ishike. Nanga ya kuburuta hushika kwa kujichimbia. Juu ya mwamba itakwaruza kama uma kwenye sahani. Nanga za kufyonza nazo, yaani ndoo kubwa za chuma zinazozama kwa kunyonywa maji yaliyo ndani, kama zilizoshika mitambo mitano ya Hywind Scotland, shamba la upepo linaloelea huko Uskoti, tangu 2017, zinataka sakafu ya bahari iliyo laini.

1. Pima. Choronga sampuli pale pale kila nanga itakapokaa. Panga vipande vya mwamba sandukuni, jumlisha urefu wa vile vinavyofika sentimita 10, gawa kwa urefu wote uliochorongwa. Ikiwa chini ya asilimia 50, mwamba umepasukapasuka mno, na mimi huomba nanga ihamishwe.

2. Chagua nanga. Wengine hupenda bonge la zege, linaloshika kwa uzito wake. Mimi silipendi: zege la tani 2.4 kwa mita ya ujazo hubaki na tani 1.4 hivi likiwa majini, na mtambo huvuta zaidi kwa ubavu. Nguzo ya chuma ndani ya shimo, basi.

3. Choronga shimo.

4. Jaza uji wa saruji. Hapa ndipo niliwahi kupoteza usiku mzima. Tulipampu hadi tukapita ujazo tuliokokotoa, kamera ikitazama mdomo wa shimo, na hakuna kilichotoka. Tukalaumu geji, tukaendelea. Kumbe uji ulikuwa unaingia kwenye ufa, na nguzo ilikwisha kushushwa, kwa hiyo hatukuweza kuchoronga upya.

Tangu hapo, kabla chuma hakijaingia, naziba mdomo wa shimo na kulijaribu kwa maji ya presha. Presha ikishuka, najaza uji, nauacha ugande, nachoronga tena palepale, kisha najaribu upya. Inachosha, lakini fanya.

Safisha shimo kuanzia chini hadi maji yatoke safi. Unga wa mwamba ukibaki ukutani, saruji itashika unga badala ya mwamba. Ncha ya hosi ifike chini kabisa ili uji uyasukume maji juu. Ukiumimina kutoka juu utachanganyika nayo. Nguzo iwe na vishikilio vya kuiweka katikati, na isitikisike saruji inapoganda.

Jambo jingine: vibonge vya saruji ileile vya kupimia ugumu usiviache juani kwenye sitaha ya meli. Baridi huchelewesha saruji kukomaa, kwa hiyo kibonge cha sitahani kitakwambia iko tayari wakati kule chini bado. Viweke kwenye maji yenye baridi ileile ya chini.

5. Vuta kwa majaribio, kisha unganisha mnyororo wa mtambo. Fika kwenye mzigo alioandika mhandisi, ushikilie, tazama kama nguzo inasogea. Ikisogea, usiongeze mzigo ili uone itafika wapi. Mnyororo nao usilale kwenye ukingo mkali wa jiwe. Mawimbi yataugeuza msumeno, na kitakacholika ni chuma chako.