Kikundi chako cha sanaa cha watoto kimeanza kujaa? Soma hii kabla hujafungua tawi la pili

Wadau wa Bagamoyo, hii ni kwa wenye vikundi vya watoto, iwe ngoma, sarakasi au maigizo, mlioanza na watoto wa uani kwenu na sasa kila jioni geti linagongwa, wanatoka Magomeni, Dunda, mpaka Kaole huko wanataka kujiunga. Raha yake naijua, lakini hapo hapo ndo vikundi vingi vinapofia, maana mtu anahesabu vichwa anajiona amekua. Hesabu wale waliomaliza mwaka na bado wanakuja, hao ndo kikundi chako, wengine ni wageni tu kwa sasa.

Kwaiyo kabla hujapokea wapya angalia wakubwa wako, wale wa miaka 13, 14 hivi, uchague wa kukusaidia kufundisha. Usichague staa wa kikundi jamani, staa mara nyingi hana subira, mtoto akikosea mara mbili keshamcheka. Chagua anayeweza kurudia kitu kile kile bila kununa. Mpe wadogo sita saba, na mwanzoni mpe kazi moja tu, mfano kupasha mwili na kuhesabu mapigo kwa makofi, akae na hiyo hiyo wiki kadhaa, we kaa pembeni na usimkosoe mbele ya wadogo zake, msubiri waondoke. Utashangaa, anayefundisha ndo anagundua kumbe mguu wake mwenyewe ulikua unachelewa. Na hili sio jipya hapa kwetu, mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose aliyefariki 2003 alikuja na muziki wa Wagogo akakaa nao hapa hapa Bagamoyo, na watu wa ukoo wake bado wanaupiga, yani umepita mkononi kutoka mkubwa kwenda mdogo.

Kazi nyingine nzuri ya wakubwa ni ngoma zenyewe. Hewa ya bahari inalegeza ngozi, ukianza mazoezi bila kuzipasha moto unapiga gunia. Makuti makavu na karatasi kidogo, moto mdogo tu, mtu mzima awepo, ngoma inalazwa ngozi ielekee kwenye joto na sio kwenye ndimi za moto, inazungushwa taratibu huku mtoto anaigonga kwa vidole anasikiliza, mpaka ule mlio mzito uliolegea ukaze, utoke mkavu. Hapo itoe haraka, ikizidi ngozi inapasuka, na kuwamba upya ni hela na siku za kusubiri ikauke. Mtoto akishajua kusikia ule mlio ushampa sikio la mpigaji, hata hajashika fimbo bado.

Ratiba sasa. Usishindane na madrasa, utashindwa, na ni haki yako kushindwa. Nenda kaulize maustadhi wa mtaa wanatoa watoto saa ngapi ndo upange, Ramadhani simamisha ngoma kabisa, labda mbaki na hadithi na kazi za mikono kama wazazi wanaridhia. Darasa la saba waachie kabla ya mtihani bila kubembelezwa. Mzazi akiona mwanae amefaulu na bado anacheza kwako, yale maneno ya ngoma ni uhuni anayajibu yeye mwenyewe kwa majirani. Na mavazi yawe ya stara, ngoma zetu nyingi hazihitaji zaidi ya khanga na suruali, msewe mguuni inatosha.

Walimu wa watu wazima hapa hatuna kisingizio, mji una TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, kuna wahitimu kibao wanaishi mitaani. Ila mhitimu mpe somo maalum, sarakasi kwa mfano, hiyo usimwachie mtoto amfundishe mtoto, ni shingo za watu zile. Na mzee mmoja wa Kizaramo au Kikwere mkaribishe aje aseme ngoma za hapa, maana kila kikundi kinakimbilia sindimba ya Wamakonde utafikiri Pwani hatuna mdundiko.

Tawi la pili lisubiri kwanza, ongeza siku ya pili pale pale. Siku hizo mbili zikienda bila wewe kuwepo, wasaidizi wakashika, ndo uanze kutafuta uwanja mwingine. Au ingia kwa shule ya msingi jirani, walimu wanahitaji mtu wa kuwaandalia kwaya na ngoma za UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, na wao wanalo eneo na wanayo ruhusa. Usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, uanzie kwa afisa utamaduni wa halmashauri, nenda na barua ya serikali ya mtaa mkononi usiende kupiga stori.

Halafu kuna hoteli. Ukishajulikana watakuita watoto wacheze mbele ya wageni wakati wa chakula cha usiku, na hela yake inavutia. Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu mtoto kufanya kazi kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, kwaiyo waambie jioni, saa 11, na mzazi mmoja au wawili waende nao. Wakisema wageni wanakula saa 3, wapeleke wahitimu wakacheze wao. Hela ikija iandike kwenye daftari, mzazi yeyote aweze kulifungua, ya nauli, ya uji, ya ngozi, na kilichobaki mkae na wazazi mkubaliane kabla watoto hawajaanza kuuliza.